Oili ya Bwana Afya

Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam nilitumia siku kumi na moja. Mvua zilikuwa zimeikata barabara, na lori la korosho lililonipa lifti lilinasa mara nne kabla hatujauona mto Rufiji. Pale Ndundu kivuko kilikuwa kimesimamishwa kwa ajili ya mafuriko. Tulilala ukingoni siku tano, madereva, mataniboi na abiria kama mimi, na chakula kilipokwisha tukaanza kula mzigo. Tulizichoma korosho juu ya kipande cha bati, tukazibangua kwa pupa kabla moto haujamaliza kazi yake, na yale maji makali ya ganda yakatubabua midomo. Nilishuka Temeke asubuhi moja nikiwa na cheti cha kidato cha nne, barua ya mjomba, na midomo iliyovimba kama ya mtu aliyepigwa.

Mjomba alikuwa amekwisha kuhama. Mwenye nyumba, mama wa Kizaramo ambaye wapangaji wote walimwita Bi Mkubwa, alisema amekwenda Kigamboni, au labda Kilwa, hakumbuki vizuri, lakini chumba chake kiko wazi kama nakitaka. Nikakitaka. Sikusikitika wala sikufurahi. Nilikuwa na usingizi tu.

Uani palikuwa na mwanamume wa makamo, kaptula ya kaki na soksi ndefu, amechuchumaa kando ya pikipiki iliyokuwa ikiunguruma. Alikuwa amefungua kifuniko cha tangi dogo lililo chini ya kiti na anachungulia ndani kwa jicho moja, kama mtu aliyedondosha kitu kisimani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ngoja." Akaendelea kuchungulia. "Haya. Inatema." Akazima injini, akafunga kifuniko, ndipo akanitazama. "Wewe umekula korosho mbichi."

"Ndiyo, mzee."

"Toa ulimi."

Nikautoa, mbele ya Bi Mkubwa na mpangaji mmoja aliyekuwa akisugua sufuria.

"Tumbo je?"

"Salama."

"Usilambe midomo. Paka mafuta ya nazi. Na dirisha la chumba hicho lifungue leo leo. Huyo aliyetoka alikuwa akiishi humo kama fuko."

Alikuwa Bwana Afya wa eneo letu, mtu wa serikali anayekagua vyoo, visima, migahawa na madimbwi. Alikuwa na jina, na nililiona mara nyingi kwenye bahasha zake, lakini mtaani hakuna aliyelitumia, na hata mimi sitalitumia. Niliishi naye nyumba moja miaka saba. Tangu hapo nimekaa Tanga, Mwanza, Lusaka na miji mingine ambayo sikumaliza hata mwaka, na hakuna mahali nilipokaa miaka saba tena.

Ile pikipiki ilikuwa ya Kiingereza, ya mtindo wa zamani, nyeusi, nzito, imebaki tangu kabla ya Uhuru. Namba zake za serikali zilikuwa zimepakwa rangi upya mara nyingi mpaka zimenenepa. Oili yake haikukaa ndani ya injini kama ilivyo kwa zile za Kijapani zilizokuja baadaye. Ilikaa kwenye lile tangi chini ya kiti. Inashuka kwa bomba moja, pampu inaizungusha ndani, kisha inarudishwa tangini kwa bomba jingine. Ukifungua kifuniko injini ikiwa inawaka unaiona ikirudi kwa kutema-tema, na hicho ndicho alichokuwa akichungulia siku ile. Aliangalia kila asubuhi. Kama haitemi, alisema, zima hapo hapo, usiende hata chooni kwanza.

Pikipiki ya namna hiyo ikisimama usiku kucha, oili huteremka yenyewe polepole mpaka tumboni mwa injini. Asubuhi ukitazama tangi utaliona limepungua. Wengi walikosea hapo. Kulikuwa na bwana shamba mmoja wa Mbagala aliyekuwa na pikipiki kama hiyo, na kila alfajiri aliongeza oili kwa sababu aliona imepungua. Mwishowe ikaanza kumtapikia suruali. Akaisukuma mpaka kwetu, jasho linamtoka.

"Inaharisha, Bwana Afya. Nadhani imezeeka."

"Haiharishi. Unaipima lini?"

"Asubuhi nikiamka."

"Wewe umeamka, yenyewe je? Iwashe kwanza, iende kidogo, irudishe oili yake nyumbani, ndipo upime. Unailisha ikiwa bado imelala, halafu unashangaa inacheua."

Bwana shamba akacheka, akasema atafanya hivyo. Mwezi uliofuata akarudi na suruali ile ile, imelowa vile vile.

Kitu kingine alichokitunza ni bomba dogo, unene wa kidole cha mwisho, linalotoka nyuma ya injini na kuishia karibu na mnyororo. Yeye aliliita pumulio. Alinieleza kazi yake Jumapili moja, huku amekaa juu ya kigoda. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo lazima itafute pa kutokea. Inatokea kwenye pumulio, na ikitoka hubeba ukungu wa oili, ukidondoka tone moja moja. Tone si ugonjwa. Tone ni dalili kwamba inapumua. Kila Jumapili alilisafisha kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, akausukuma ndani na kuuvuta nje, akaupangusa kwenye tambara na kuutazama. Kisha alifungua kichujio cha wavu, akakiosha, akakianika juu ya jiwe. Oili ya zamani aliimwaga injini ikiwa bado moto, akachukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua, akainusa. Nilijaribu kuinusa na mimi. Sikuwahi kujua alikuwa akitafuta harufu gani.

Unyoya ulitoka kwa kuku wa Bi Mkubwa, na hapo ndipo palikuwa na kelele. Bwana Afya alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Bi Mkubwa Mzaramo wa Kisarawe, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, akakutukana juu yake, na wewe huna pa kushtaki.

"Nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba pembe za watu kutoka bara," Bi Mkubwa alipiga kelele kutoka jikoni. "Pembe zimekwisha, sasa mnabeba mikia ya kuku wetu?"

"Kuku wako hana adabu, Mzaramo. Angekuwa Tabora angeutoa mwenyewe na kunipa kwa mikono miwili."

"Angekuwa Tabora angekuwa keshaliwa na manyoya yake! Watu wenye njaa nyie."

"Lete chai."

"Chai unywe na oili yako."

Na chai ililetwa, kila mara, na kila mara sukari ilikuwa imezidi.

Kazini hakuwa na utani hata chembe. Aliingia katika nyumba za watu na kijiti kirefu, na shabaha yake kubwa ilikuwa vile vitundu vya hewa vilivyo juu ya ukuta karibu na dari. Watu waliviziba kwa matambara, magazeti na vipande vya magunia, wengine kwa kuogopa wezi, wengine mbu, wengine baridi ya Juni ambayo mtu wa Tabora hawezi kuiita baridi. Yeye alivisukuma nje kimoja kimoja. Niliongozana naye siku moja ya mapumziko, akaingia kwa mzee mmoja wa Kingoni ambaye ndani ya chumba chake taa ya kibatari ilikuwa ikiwaka saa sita mchana.

"Mzee, mnalala watu wangapi humu?"

"Sita."

"Na hewa mnaipata wapi?"

"Tunaigawana," yule mzee akasema.

Bwana Afya hakucheka. Alitoa matambara manne, akayaweka mlangoni yakiwa yamepangwa kama nguo zilizofuliwa. "Nyie watu mnaziba kila kitu," alisema tukiwa njiani. "Mkipewa mlima mtauziba." Wiki mbili baadaye tulipita pale, vitundu vilikuwa vimezibwa tena, kwa matambara yale yale.

Lakini chumba chake mwenyewe hakikuwahi kufunguliwa dirisha. Nililala pua na mdomo na chumba kile miaka saba, kati yetu ukuta wa udongo tu, na sikusikia hata mara moja komeo la dirisha lake likivutwa. Ukisimama mlangoni pake ulipokelewa na harufu ya oili, ugoro na blanketi. Nilimuuliza.

"Nani atanikagua?" alisema.

Ugoro nao. Mtu aliyetozwa faini kwa kutema mate sokoni angeweza kumkuta yeye, jioni hiyo hiyo, nyuma ya nyumba, ananusa ugoro wake na kutema ukutani kwa ustadi wa miaka mingi. Hakujificha sana. Alikuwa na namna ya kugeuza uso kidogo tu, kama mtu anayempisha mwingine njia.

Oili chafu hakuitupa. Aliijaza kwenye debe lililotobolewa tundu mbili kwa msumari, akalifunga nyuma ya pikipiki, na mimi nikakaa kati ya debe na mgongo wake. Tulishuka mabondeni huko Keko na Mtoni, tukaimwaga juu ya madimbwi. Ilitandaa juu ya maji kwa rangi za zambarau na kijani, na viluwiluwi vya mbu vikakosa hewa. Bondeni kulikuwa na mama mmoja aliyefua nguo za watu, na kila alipotuona alisimama mikono kiunoni.

"Mnakuja tena kumwaga grisi zenu? Maji haya mie ndio ofisi yangu!"

"Mama, hapa wanazaliwa mbu."

"Mbu wamezaliwa na mama zao, mie kwangu wamezaliwa watoto, nao wanataka kula. Utafua wewe shuka hizi zikiingia madoa?"

Bwana Afya aliteremka, akapima lile dimbwi kwa macho, akachora mstari kwa kijiti. Upande huu akamwaga. Upande ule hakumwaga. Wakati wote nilioishi pale mstari ule aliuheshimu, ingawa oili yenyewe haikuuheshimu hata siku moja.

Kisha ikaja miaka ya foleni. Sabuni, unga, sukari, kila kitu kilikuwa na foleni, na mimi nilikuwa nikifanya kazi kiwanda cha sabuni Chang'ombe ambako wiki nyingine tulikwenda kufagia tu. Oili ya injini ilitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kwa mtu ambaye hakuwapo. Bwana Afya akaanza kuihifadhi oili aliyoimwaga. Aliiweka katika chupa, akaiacha siku nyingi mpaka uchafu ukae chini, akaimimina ile ya juu kupitia kitambaa mara tatu, akairudisha tangini. Madebe ya bondeni yakakoma. "Mbu nao wamepata uhuru wao," alisema.

Lile tone la pumulio sasa likaanza kututazama. Kabla ya hapo lilikuwa tone. Sasa Bi Mkubwa aliweka kifuu cha nazi chini yake, wapangaji wakikipita walikitazama kimejaa kiasi gani, na mpangaji mmoja, konda wa mabasi, alisema mtu mwenye akili angeliziba tu.

"Ukiziba pua yako utaokoa makamasi?" Bwana Afya akamuuliza.

Watu wakacheka. Nilicheka na mimi. Nasema hivi ili ieleweke kwamba nilikuwapo, na nilisikia.

Siku moja alirudi kutoka ofisini akakaa kigodani bila kuvua soksi. Mkubwa wake alikuwa amempa taarifa. Serikali inapunguza vyombo vya zamani vinavyokula mafuta na oili, kwa kuwa fedha za kigeni hakuna. Watu watatu watakuja kutoka karakana kuikagua ile pikipiki. Ikikataliwa, hakuna nyingine, na bwana afya asiye na chombo hana kazi eneo lile. Atastaafishwa, arudi kwao. Alikuwa amebakiza miaka minne.

"Tabora si kwenu?" konda akasema. "Utapumzika, mzee. Utafuga nyuki."

"Tabora nilitoka nikiwa na meno yote," alisema. "Walionijua huko wamekwisha. Hapa nikipita mtu anakimbilia kufunika pipa lake la maji. Kule nikipita watauliza yule nani."

Hakuwahi kusema maneno mengi namna hiyo juu ya nafsi yake, wala hakuyarudia. Kwa wiki tatu aliishughulikia injini. Alibadilisha gaskiti ya juu kwa kukata mpya katika karatasi ngumu ya kalenda, akaipaka sabuni ya kipande. Alikaza kila nati. Alisikia kwamba mkubwa wa wale wakaguzi ana kipimo chake: pikipiki ikienda Mbagala na kurudi, anatandika karatasi nyeupe chini ya injini kwa robo saa, halafu anatazama doa.

"Lile tone, mzee?" nikauliza.

"Litadondoka. Nitamweleza. Ni mtu wa injini, ataelewa."

Mimi nilikuwa nimewahi kuwaona watu wenye karatasi. Sikuamini kwamba mmoja wao angeelewa.

Jioni ya kuamkia ukaguzi, jua likiwa bado juu ya mabati, yeye akiwa bafuni na ndoo yake, nilichukua gunzi la muhindi. Magunzi ndiyo vizibo vyetu vya chupa za mafuta ya taa, na nilikuwa na mkono mzuri wa kuyachonga. Nilichonga kipande kifupi, chembamba mbele, nikakipaka oili ili kifanane na bomba, nikakisukuma ndani ya pumulio mpaka kikakaza. Nilihesabu kwamba kwenda Mbagala na kurudi ni mwendo mfupi. Karatasi ingebaki safi, na jioni ningekitoa kabla hajajua. Nikapangusa mdomo wa bomba. Nikaenda kununua mihogo.

Asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikasema naumwa, nikaenda naye mpaka ofisi ya afya. Wale watatu walikuja na gari. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole, mfupi, suruali nyeupe iliyopigwa pasi ikawa na mstari kama ukingo wa karatasi. Alisema yeye mwenyewe atapanda nyuma.

"Bwana Afya, utaniangusha?"

"Sijawahi kumwangusha mtu, ndugu."

Wakaondoka. Mlio ulikuwa mzuri. Nilikaa ukutani pamoja na wale wawili wengine, mmoja wao ameshika karatasi nyeupe iliyokunjwa, tukazungumza juu ya mpira. Ilipita nusu saa. Ikapita saa. Yule mwenye karatasi akasema labda wamepitia chai.

Walirudi kwa miguu, wanaisukuma.

Hewa iliyokosa pa kutokea ilikuwa imejitafutia njia. Kwenye kilima cha Mtoni, wakati wa kurudi, sili ya kuzuia oili upande wa klachi ilifyatuka, gaskiti mpya ikafuata, na oili ikaruka kila mahali ilipopata mwanya. Ililowesha injini nzima, tairi la nyuma, soksi ndefu, na ile suruali nyeupe kuanzia gotini mpaka kwenye viatu. Wangeweza kuanguka vibaya. Walikuwa wameteleza mpaka kwenye majani ya kando ya barabara, wakakaa humo.

"Hii imekwisha," alisema yule mpole, bila hasira. "Mzee, sikulaumu. Imekwisha tu. Ni umri."

Ile karatasi nyeupe haikukunjuliwa. Waliijazia pikipiki fomu juu ya boneti ya gari lao.

Wakati wanaandika, Bwana Afya aliinama nyuma ya injini, mgongo umewaelekea. Niliuona mkono wake ukienda kwenye pumulio, ukavuta, ukaingia mfukoni. Kisha akasimama wima. Nilisubiri ageuke awaambie. Ilikuwa rahisi: ingetosha kuwaonyesha kile kipande, kuwaambia bomba lilizibwa na mtu mjinga, pampu ni nzima, sili na gaskiti ni za kununua. Kama hakusema yeye, ningeweza kusema mimi. Nilikuwa hatua nne kutoka kwao. Nilitazama kalamu ikienda juu ya fomu, na mdomo wangu haukufunguka. Sikuona hofu wala aibu. Palikuwa patupu tu, kama mkono uliolaliwa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, pikipiki ikabaki ofisini. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni.

"Punda wako yuko wapi, Mnyamwezi?"

"Kafa."

Alifungua kinywa amalizie utani, akamtazama soksi, akakifunga. Ndiyo mara pekee niliyomwona akinyamaza mbele ya mtani wake.

Barua ya kustaafu ilichukua miezi minne, na miezi hiyo yote alifanya kazi kwa miguu. Alifika nyumba chache kwa siku, viatu vimejaa mchanga, akasukuma matambara yake, akarudi. Jumapili alikaa kigodani palepale alipokuwa akikaa, mikono magotini, na mbele yake hapakuwa na kitu. Kila jioni nilingoja aniulize. Alizungumza juu ya bei ya samaki. Alizungumza juu ya mvua. Mara moja tu alisema, akitazama chini, "Unajua, injini ile ilikuwa nzima," nami nikasema ndiyo, najua, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya kuondoka Bi Mkubwa alifanya lile ambalo mtani hufanya msibani. Alijifunga kanga kichwani, akalala kifudifudi kwenye kizingiti, akaanza kulia msiba kwa sauti ya mtaa mzima.

"Mnyamwezi wangu kafaaa! Nani atanyonyoa kuku wangu? Nani ataniambia chooni kwangu kunanuka, na pua yake mbovu!"

"Nipishe, Mzaramo, treni haingoji."

"Maiti haisemi! Maiti ilipe kwanza kiingilio cha kaburi!"

Watu walijaa. Bwana Afya alimlipa kwa ugoro, kopo zima, na Bi Mkubwa akanusa palepale chini, akapiga chafya mara tatu, akasimama na kujipangusa vumbi. Nikaona kwamba machozi hayakuwa ya utani yote. Konda alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilimbebea sanduku hadi stesheni. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotegemea. Treni ya bara ilikuwa bado haijaruhusiwa kupandwa, tukakaa juu ya sanduku, yeye mwisho mmoja na mimi mwisho mwingine. Nilikuwa nimepanga maneno kwa miezi minne na yote yakaniishia.

"Mzee, lile gunzi nililiweka mie."

"Najua. Nani mwingine pale uani anachonga gunzi likawa duara namna ile?"

"Sasa mbona hukuwaambia? Wangekusikiliza."

Alivuta soksi moja juu, kisha nyingine.

"Kila asubuhi mie naangalia," alisema. "Wewe unajua. Ile asubuhi pia niliangalia. Nikaliona. Nikalishika nilitoe." Alinyoosha vidole viwili, kana kwamba bado limo katikati yao. "Halafu nikasema, huyu mtu anakuja na karatasi. Siku moja tu lisidondoke. Mbagala si mbali. Nikaliacha."

Mbele yetu wapagazi walikuwa wakigombana juu ya gunia la nani.

"Sasa ningewaonyesha, halafu wakaniuliza: Bwana Afya, asubuhi hukukagua? Ningejibu nini?"

"Basi tulikuwa wawili," nikasema.

"Tulikuwa wawili." Aliinuka, akapangusa kaptula yake. "Lakini wewe hukuwa unajua unafanya nini. Mie nilijua."

Nilidhani nikisikia jambo kama hilo kifua kitafunguka. Hakikufunguka, wala hakikubana zaidi. Nilimpa sanduku kupitia mlangoni, akalipokea, akasema nimwandikie, nikasema nitaandika. Sikuandika, na yeye hakuandika. Alikaa upande wa pili wa behewa, ule usiotazama jukwaa, kwa hiyo treni ilipoondoka sikuona hata kichwa chake. Niliyaona mabehewa mpaka la mwisho, kisha reli, kisha nyumba za ng'ambo.

Watu wakatawanyika. Mimi nikabaki pale, sijui kwa muda gani. Alikuja mfagizi na ufagio wake wa mpini mrefu, anasukuma maganda ya machungwa na vipande vya tiketi, akafika mbele yangu akasimama.

"Ndugu, inua mguu."

Nikainua mmoja, halafu wa pili, akafagia pale nilipokuwa nimesimama, akaendelea mbele.